Sura ya 7: Mtoto Apewe Kiitikio

"Mwanangu ana miaka sita na hajasema neno la kueleweka, lakini redio ikianza kuimba anacheza mpaka jasho linamtoka. Je, muziki utamponya?"

Wazazi huliuliza swali hili kwa maneno tofauti, na anayeliuliza huwa ameshazunguka sana. Ameenda zahanati, ameenda kwa mganga, ameombewa, ameambiwa na jirani asubiri kwani watoto wengine huchelewa. Katika kuzunguka kote huko ameona jambo moja ambalo hakuna aliyemfundisha mtoto: wimbo ukianza, mabega yanatikisika. Basi mzazi anashika hapo, kama mtu aliyeona mwanga mdogo kwenye ufa wa mlango.

Nijibu bila kuzunguka. Muziki haumponyi. Hali aliyozaliwa nayo haiondolewi na ngoma, wala na dawa, wala na kombe. Lakini muziki unaweza kumpa kitu ambacho watoto wengi kama yeye hunyimwa tangu utotoni, nacho ni nafasi miongoni mwa wenzake pamoja na kazi ya kufanya katika nafasi hiyo. Mashirika ya hisani yanayoijua kazi yake yamelielewa hilo. Yasiyoijua huwavalisha watoto fulana za rangi moja, yakawapandisha jukwaani tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, kisha yakawarudisha nyumbani kungoja Desemba nyingine.

Nitaeleza tofauti hiyo kutokea Tabora, kwa sababu njia iliyoujenga mji huo ilitembewa kwa nyimbo.

Amezaliwa na nini?

Tuanze na maneno, maana mitaani yamechanganyika na mengine ni matusi. "Taahira" na "zezeta" si majina ya ugonjwa. Ni mawe ya kumrushia mtoto, na mtoto huyajua hata kama hasemi.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembechembe ndogo sana zinazoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna maelekezo ya namna ya kumjenga mtu: urefu, rangi, umbo la sikio, ukuaji wa ubongo. Maelekezo hayo huitwa vinasaba, nayo yamefungwa katika mizigo 46 iitwayo kromosomu. Mizigo 23 hutoka kwa baba, 23 kwa mama. Hitilafu ikitokea katika ufungaji wa mizigo hiyo, mtoto anaweza kukua kwa namna tofauti na wenzake.

Hali inayojulikana zaidi ni ya Down. Hapo mzigo wa 21 umekuja mara tatu badala ya mara mbili. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1959. Ndiyo sababu siku ya dunia ya watu wenye hali hiyo ni tarehe 21 ya mwezi wa 3. Duniani karibu mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa anayo. Misuli yake huwa laini, kusema huchelewa, masikio huziba mara kwa mara, na karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo.

Ziko nyingine ambazo ni adimu zaidi. Katika hali ya Williams, kipande kidogo cha kromosomu ya 7 kimekosekana, na wengi wa watoto hao hupenda watu na muziki kupita kiasi. Hali ya Rett huwapata hasa wasichana: mtoto anaanza vizuri, kisha anapoteza maneno na matumizi ya mikono. Usonji, ambao humfanya mtoto aisikie na kuielewa dunia kwa namna yake na kupata shida ya kuwasiliana, una mizizi katika vinasaba ingawa hauna chanzo kimoja. Mtindio wa ubongo ni kitu kingine. Mara nyingi hutokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mitaani watu huuita mtindio kila mtoto asiyekuwa kama wengine, na kosa hilo humpeleka mzazi kwenye msaada usiomfaa.

Kwa kifupi: mama hakula kitu kibaya, baba hakumkosea mtu, ukoo haukulogwa. Katika hali za vinasaba, mizigo ilifungwa vingine.

Njia iliyotembewa kwa wimbo

Burton na Speke walipofika Tabora Novemba 1857, wakati huo ikiitwa Kaze, walikuta njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wakiijua miguuni kabla yao. Toka Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilometa 1,200, na Tabora iko katikati ya pori, mahali misafara ilipopumzika na kubadilisha wapagazi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, begani au kichwani, miezi kadhaa. Kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado hajapevuka.

Mbele alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake na mavazi ya kumtofautisha. Karibu naye alikuwapo mpiga ngoma. Kirangozi akitoa mstari, safu nzima inaitika. Wimbo huo ulikuwa na kazi ya kuweka hatua, kumjulisha wa nyuma kabisa kwamba msafara bado uko mbele yake, na kumpa kila mtu, hodari na mchovu, neno lile lile la kusema kwa wakati mmoja.

Sitaki kuipaka njia hiyo asali, ijapokuwa Tabora ni mji wa asali. Ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha pia watu waliofungwa minyororo, na wagonjwa wengi waliachwa kando ya njia. Ninachochukua kutoka kwake ni umbo la ule wimbo: mmoja anatoa, wengi wanaitika, na kiitikio ni kifupi kiasi kwamba hata aliyelemewa na mzigo anaweza kukishika. Umbo hilo bado liko Unyamwezi, kwenye ngoma za harusi, kwenye kwaya za Wakatoliki na za Wamoraviani, na kwenye bendi zilizotoka mji huo, kama Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salim Zahoro. Ukimtafutia mtoto mwenye hali ya Down mlango wa kuingilia katika jamii, huna haja ya kujenga mpya. Kiitikio ndicho mlango.

Chini ya mwembe, dakika moja

Tuchukue mfano. Watoto 12 wamekaa duara chini ya mwembe, na Tabora haijapungukiwa miembe. Sita wana ulemavu, sita hawana, wote ni wa mtaa mmoja. Miongoni mwao yuko binti wa miaka tisa mwenye hali ya Down. Mwalimu ana ngoma ndogo.

Anaanza kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi: mwangaluka. Anaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, akilitaja jina la mtoto mmoja, na mtoto huyo anaitika mwangaluka. Mzunguko unakwenda. Unafika kwa binti yetu. Mwalimu anaimba jina lake. Kimya.

Hapa ndipo pa kutazama. Darasani mwalimu akimuuliza swali asipojibu upesi, anamwita mwingine. Ana wanafunzi wengi na kipindi kinakwisha. Lakini mtoto mwenye hali hii huchukua muda mrefu zaidi kulipokea neno, kulielewa, kisha kuuamuru mdomo. Sekunde tano, sekunde kumi. Katika mazungumzo ya kawaida sekunde kumi za kimya ni aibu. Katika wimbo si aibu hata kidogo, kwa sababu ngoma inaendelea kulia taratibu, wenzake wanapiga makofi, na kimya kimekuwa sehemu ya muziki. Wimbo umesimama ukimngoja, na hakuna anayeona kwamba unangoja.

Halafu anatoa "...ka". Silabi ya mwisho tu. Mwalimu anaipokea kama neno zima na mzunguko unaendelea. Baada ya wiki kadhaa huenda itakuwa "luka". Kuimba huvuta irabu, na irabu iliyovutwa huupa ulimi laini nafasi ya kufika unapotakiwa.

Sasa mkono. Binti huyu hupewa manyanga, kile kibuyu kidogo chenye mbegu ndani. Vidole vyake havina nguvu ya kukaza, kibuyu kinamponyoka kila mara, naye anaanza kuliangalia duara kwa hofu. Mwalimu mzuri amejiandaa: amekata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaufunga kwenye shingo ya kibuyu, sasa kinakaa kiganjani hata mtoto akilegeza vidole. Ukanda huo haugharimu chochote kwa fundi baiskeli yeyote.

Na kazi. Binti hatikisi manyanga ovyo ovyo huku wengine wakiimba. Yeye ndiye anayeutangulia wimbo wa pili: mpaka atikise, wimbo hauanzi. Wenzake 11 wanamtazama mkononi. Watoto wasio na ulemavu, ambao labda jana walimcheka kisimani, leo wanasubiri amri yake.

Wengine walianzia wapi

John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza hali hii mwaka 1866, aliipa jina la kibaguzi, akiwafananisha wagonjwa wake na watu wa Asia. Jina hilo limetupwa, na limetupwa kwa haki. Lakini mwaka 1868 yeye na mkewe Mary walifungua makao ya Normansfield karibu na London, na mwaka 1879 wakajenga humo ukumbi kamili wa maigizo na muziki. Wakati watoto wa aina hiyo walipokuwa wakifungiwa vyumbani, wao waliona jukwaa ni sehemu ya malezi. Ukumbi huo upo hadi leo.

Mwaka 1959, katika makao ya watoto ya Sunfield huko huko Uingereza, mtunzi wa muziki Mmarekani Paul Nordoff alikutana na mwalimu Clive Robbins. Nordoff alikaa kwenye piano akaufuata muziki wa mtoto badala ya kumlazimisha mtoto aufuate wake: mtoto akigonga meza, piano inagonga naye, mtoto akilia, piano inaushika mlio ule. Shirika lenye jina lao bado linafanya kazi. Wafini nao walikuja na nota za rangi na maumbo badala ya nukta na mistari. Kila sauti ina rangi yake, na rangi hiyo hubandikwa kwenye kinanda, hivyo asiyejua kusoma anafuata rangi. Karatasi za rangi zinauzwa duka lolote la vifaa vya shule, na zinabandikika kwenye marimba kama zinavyobandikika kwenye kinanda cha kwaya. Finland hiyo hiyo ilipeleka bendi ya wanaume wanne wenye ulemavu wa akili na usonji, Pertti Kurikan Nimipäivät, kwenye mashindano ya Eurovision ya 2015. Walianzia kwenye karakana ya shirika la hisani.

Ukerewe, 2017

Kwetu mfano uliovuma zaidi unahusu hali nyingine, lakini nao ni wa vinasaba. Ualbino hutokea pale mtoto anaporithi kwa baba na kwa mama pia maelekezo yenye hitilafu ya kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Akili yake haiguswi. Macho huona hafifu na ngozi huungua juani. Kilichowapata watu hawa Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kuwindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, sote tunakijua na hatupaswi kukisahau.

Kisiwani Ukerewe, shirika la Standing Voice lilimwalika mtayarishaji wa muziki Mmarekani Ian Brennan kufanya warsha za kuimba na watu wenye ualbino. Wengi wao hawakuwahi kuruhusiwa kuimba, hata kanisani. Fikiria: mtu mzima, Mkristo, Jumapili zote za maisha yake, na hajawahi kuingizwa kwaya. Waliandika nyimbo zao wenyewe, fupi, za upweke wao wenyewe, nyingine kwa lugha za kisiwani. Mwaka 2017 zilitoka katika albamu iitwayo White African Power, na kundi likajiita Tanzania Albinism Collective. Mwaka huo huo walipanda jukwaani katika tamasha la WOMAD, Uingereza.

Sifa za Ulaya zilikuwa nzuri, lakini kwangu lililo kubwa ni kwamba nyimbo walizitunga wao. Shirika lingeweza kuwaandikia wimbo wa kuomba huruma. Liliwaachia wimbo wao. Na aliyetaka ushahidi kwamba sauti ikishapewa nafasi haina mwisho, amtazame Khadija Shaaban Taya, Keisha wa Bongo Fleva, mwenye ualbino, aliyeingia bungeni mwaka 2020 kwa viti maalumu.

Mtoto mwenye hali ya Down hataandika ubeti kwa urahisi kama hao wa Ukerewe. Lakini anaweza kuchagua: wimbo huu au ule, ngoma au manyanga, nianze mimi au wewe. Kuchagua ni kutunga kwa kiwango chake.

Tabora ina nini mkononi

Ina mengi. Shule ya Viziwi Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ya kwanza ya aina yake nchini, na kuna Shule ya Furaha ya wasioona. Mji huu basi umewazoea watoto wenye ulemavu wakipita barabarani na sare zao, jambo ambalo miji mingi haina. Mtoto kiziwi naye hucheza ngoma: mitetemo humpanda kupitia nyayo na kiganja kilichowekwa juu ya ngozi. Ulemavu wa akili ndio uliochelewa kupata mlango, kwa kuwa hauonekani kama jicho au sikio na watu wameuogopa zaidi.

Upande wa pili wa njia ile ile ya misafara, Bagamoyo, kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, leo TaSUBa, na Arusha kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Shirika likimkutanisha mwalimu wa Patandi na manju wa ngoma wa mtaani Tabora, halihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Mmoja anamjua mtoto, mwingine anaujua wimbo.

Sheria nayo iko upande wa mzazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Kifungu chake cha 30 kinataja haki ya kushiriki utamaduni. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Pale ngoma inapoumiza

Kuna jambo mashirika mengi hulisahau. Mtoto mwenye usonji, au mwenye hali ya Williams ingawa anaupenda muziki, anaweza kuisikia spika kubwa kama mtu aliyepigwa sikioni. Akiziba masikio, akikimbia, akijing'ata, si utovu wa adabu. Mwondoe, mpe mahali pa mbali chini ya kivuli, punguza sauti, mrudishe akitaka. Anza na sauti ya mdomo, halafu makofi, halafu kibuyu, ngoma ije mwisho, na spika isije kabisa.

Mtoto mwenye hali ya Down apimwe moyo kabla ya kurushwa katika ngoma za nguvu, na apimwe masikio. Wapo watoto walioambiwa hawajui kuimba kumbe hawasikii vizuri.

Na picha. Mtoto akitoa ulimi, akidondokwa na mate, akilia, wapo wanaopiga picha hiyo na kuipeleka kwa wafadhili kwa sababu inatoa machozi na fedha. Ni wizi. Mzazi ana haki ya kukataa na mtoto wake akabaki kwenye kundi.

Shirika likija mtaani kwako na mradi wa muziki, liulize:

– Mazoezi ni mara ngapi kwa wiki, na yataendelea baada ya tamasha?
– Watoto wasio na ulemavu watakuwamo, au wetu watakaa peke yao?
– Mwanangu atafanya kazi gani ndani ya wimbo?
– Mwalimu ni nani, na anajua nini kuhusu hali ya mwanangu?
– Mtatusaidia kupima moyo na masikio?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Wakikosa jibu lake, mengine yote ni mapambo.

Nianze lini?

Leo, wakati wa kumwogesha. Chagua maneno mawili, uyaimbe kila siku kwa sauti ile ile, maji yakimwagwa. Siku ya nne au ya kumi, imba neno la kwanza kisha unyamaze, ukimgongea ndoo kwa vidole. Ngoja. Hesabu mpaka kumi moyoni. Asipoitika, malizia mwenyewe kwa furaha ile ile, kesho tena.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe na kilichotokea, hata kama ni kidogo: ametazama, ametikisa mguu, ametoa "a". Zitapita wiki hutaandika kitu, kisha siku moja utaandika mistari miwili. Umri wa shule ukifika, siku ya kumwandikisha nenda na daftari hilo. Mwalimu mkuu akikuambia hajui aanzie wapi na mtoto huyu, mfungulie ukurasa wa kwanza.